Umeumia jeshini, sasa unaitwa mtegeaji: haki za askari mgonjwa katika Jeshi la Marekani

Malalamiko yanayoletwa kwenye dawati letu la msaada na vijana wa Afrika Mashariki walioko katika Jeshi la Marekani yanafanana mno. Kijana ameumia goti, mgongo au nyonga, mara nyingi angali kuruta au ndiyo kwanza ametoka depo. Daktari wa kambi amempa profaili, hati inayotaja kazi na mazoezi asiyopaswa kufanya. Siku za mwanzo hakuna neno. Kisha kiongozi wake anaanza kumsema mbele ya platuni kwamba anategea, zamu za mwisho wa wiki zinamwangukia yeye, ombi la likizo linalala mezani, na siku ya mtihani wa mazoezi anaambiwa akimbie kama wenzake. Mwishowe anasikia kuwa yanaandaliwa makaratasi ya kumwachisha jeshi kwa utendaji duni.

Wengi hunyamaza, na si kwa kumwogopa sajini tu. Wanauogopea uraia wao. Aliyeingia na grinikadi anaruhusiwa kuomba uraia mapema kupitia utumishi wake, kwa kuwa kipindi kilichoanza Septemba 11, 2001 kinahesabiwa kuwa cha mapambano. Lakini tangu Novemba 2003 sheria inaruhusu uraia uliopatikana kwa njia hiyo ufutwe, iwapo mtu ataachishwa kwa hali isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wenye heshima. Habari hii huzunguka kambini ikiwa nusu: ukilalamika utafukuzwa, ukifukuzwa utarudishwa Eldoret au Goma. Nusu inayoachwa ndiyo muhimu. Kuachishwa kwa sababu ya afya si kuachishwa bila heshima. Hata cheti cha daraja linalofuata chini ya lile la heshima kamili bado huhesabiwa kuwa kimetolewa kwa masharti ya heshima. Anayehatarisha uraia wake ni yule anayetoroka kambi kwa hasira, au anayekubali kutia saini kuachishwa kwa utovu wa nidhamu bila kumwona wakili. Kulalamika kwa njia halali hakumo.

Makala haya yanahusu Jeshi la Nchi Kavu, kwa sababu ndiko wengi wa wasomaji wetu waliko. Wanamaji na Marine wana taratibu zao na majina yao, ingawa sheria za shirikisho nitakazozitaja zinawahusu wote.

Profaili inasema nini

Askari wengi huichukua profaili kama cheti cha ruhusa cha shule: unampa mkubwa, anasoma, yamekwisha. Hati hii ina uzito kuliko hivyo. Inaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta ambao kamanda wa kombania anauona, ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na inataja pia yale ambayo askari anaweza kufanya. Profaili ya muda hutolewa kwa vipindi visivyozidi siku 90, na huweza kurudiwa. Tatizo likifika miezi 12 bila kupona kiasi cha kurudi kazini, jeshi linatakiwa kuamua kama mtu huyo apelekwe kwenye mfumo wa tathmini ya ulemavu. Ikiwa ya kudumu, hupewa namba kuanzia 1 hadi 4 katika maeneo sita: hali ya jumla ya mwili, mikono, miguu, masikio, macho na akili. Namba 3 au 4 ya kudumu ndiyo inayofungua mlango wa bodi ya tiba, ile inayoangalia kama hali yako inakidhi viwango vya kubaki jeshini.

Kamanda asiyeamini kwamba mtu wake anaumwa ana njia yake. Anaweza kuzungumza na daktari, na anaweza kuomba askari apimwe upya. Mambo hayo si ya kuamuliwa na kiongozi wa seksheni saa kumi na mbili asubuhi uwanjani. Tena, kamanda ana haki ya kujua unachoweza na usichoweza kufanya kazini, lakini si kila kitu kilichomo kwenye faili lako la hospitali. Sajini akikufuata mpaka chumba cha daktari, unaweza kumwomba daktari kwa adabu amtoe nje. Madaktari huzoea ombi hilo.

Unapoamriwa kufanya kilichokatazwa

Hapa ndipo vijana wengi wanajiharibia, kwa sababu wamesikia kwamba amri batili haitiiwi na wanadhani wao ndio waamuzi wa ubatili wake. Katika sheria za kijeshi za Marekani, amri huchukuliwa kuwa halali mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ukimjibu sajini kwa ukali mbele ya watu, kesho mada haitakuwa goti lako tena. Itakuwa utovu wako wa nidhamu, na hiyo ni mada ambayo yeye anaijua kuliko wewe.

Simama wima, toa nakala ya profaili ambayo unapaswa kuwa nayo mfukoni kila siku, useme kwa sauti ya kawaida: "Sajini, profaili yangu hainiruhusu kukimbia. Niko tayari kufanya mazoezi niliyoandikiwa hapa." Sentensi ya pili ndiyo inayokuokoa, maana anayetegea hajitolei kazi nyingine. Akishikilia msimamo wake, omba kuzungumza na kiongozi wa platuni au sajini mkuu wa kombania papo hapo. Ukilazimishwa ukaumia zaidi, nenda zahanati siku hiyohiyo na umweleze daktari kilichotokea, ili kiandikwe: nani aliamuru, saa ngapi, maumivu yalianzaje. Wenzetu wengi hukwama hapa. Tumelelewa kuona kwamba mwanamume halalamiki maumivu, na msichana aliyeingia jeshini huona ana la kuthibitisha mara mbili zaidi. Anakunywa ibuprofeni, anajikaza miezi minane, halafu bodi inapokaa inakuta faili lenye ziara mbili tu za zahanati. Bodi haisomi ujasiri. Inasoma tarehe.

Kwa hiyo weka daftari. Andika siku, mahali, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo. Hifadhi ujumbe wa simu, hasa ule wa kikundi cha platuni ambamo mtu aliandika dhihaka akidhani ni utani. Walio katika akiba au walinzi wa jimbo wahakikishe pia imefanyika tathmini inayothibitisha kwamba jeraha lilipatikana kazini. Bila hiyo, matibabu na fidia vinaweza kukwama miaka, kwa sababu huna rekodi ya kila siku kama aliye katika utumishi wa kudumu.

Kuna kinga moja ambayo haijulikani hata na maofisa wengi. Kifungu cha 1219 cha Jalada la 10 la sheria za shirikisho kinasema mwanajeshi hawezi kulazimishwa kutia saini maelezo kuhusu chanzo cha ugonjwa au jeraha lake, na maelezo ya aina hiyo yanayomdhuru ni batili hata akiyasaini. Mtu akikuletea karatasi inayosema goti lako lilikuwa bovu tangu nyumbani, mwambie ungependa kwanza kuionyesha kwa wakili.

Mlango gani kwa shida gani

Milango ya kulalamika ni mingi, na kosa la kawaida ni kugonga yote siku moja. Shida ndogo za zamu na likizo huanzia kwa kamanda wa kombania, kwa sera ya mlango wazi ambayo kila kamanda anayo. Nenda na profaili, nenda na tarehe, omba jambo moja mahususi.

Kama dhuluma inatoka kwa kamanda mwenyewe, Kifungu cha 138 cha sheria ya kijeshi, UCMJ, kinakupa haki ya kudai marekebisho kwa maandishi. Unaanza kwa kumwandikia yeye huyo aliyekudhulumu, ukieleza kosa na unachotaka kirekebishwe. Akikataa au akikaa kimya, malalamiko yanapanda hadi kwa kamanda mwenye mamlaka ya kuitisha mahakama kuu ya kijeshi, ambaye lazima ayachunguze. Jeshi la Nchi Kavu linataka malalamiko hayo yawasilishwe ndani ya siku 90 tangu ulipogundua dhuluma, kwa hiyo usisubiri mpaka umalize matibabu. Kwa maoni yangu hii ndiyo silaha inayotumiwa kidogo kuliko zote, labda kwa sababu inamtaka mtu aketi aandike badala ya kupiga simu.

Mkaguzi Mkuu, yule ambaye askari wote humwita IG, anafaa zaidi pale kanuni inapovunjwa waziwazi au unapolipiziwa kisasi. Kifungu cha 1034 cha jalada lilelile kinakataza mtu yeyote kukuzuia kuwasiliana na IG au na mjumbe wa Bunge la Marekani, na kinakataza kukuadhibu kwa kufanya hivyo. Malalamiko ya kisasi yapelekwe ndani ya mwaka mmoja. Lakini tusidanganyane: IG si wakili wako, na mazungumzo yenu hayana siri kamili. Siri ya kweli iko kwa wakili wa utetezi na kwa kasisi wa jeshi. Mawakili wa utetezi wa jeshi hawalipwi na askari, wala hawaripoti kwa kamanda wako.

Mbunge au seneta wa jimbo lako atakutaka usaini kibali cha faragha, kisha ofisi yake huandikia jeshi, na jeshi hulazimika kujibu. Huna haja ya kuwa raia ili kuomba msaada huo. Barua hiyo husogeza faili lililokwama, ila haibadilishi uamuzi wa daktari.

Barabara mbili za kutoka

Nikiulizwa jambo gani familia iliyoko nyumbani ilielewe, nitasema hili. Askari aliyeumia anaweza kutoka jeshini kwa barabara ya tiba au ya kiutawala, na tofauti yake hudumu maisha yote.

Barabara ya tiba ina bodi mbili. Ya kwanza, MEB, ni ya madaktari: inaangalia kama hali yako inakidhi viwango vya kubaki jeshini. Ya pili, PEB, inaamua kama unafaa kwa kazi, na kama hufai, asilimia ya ulemavu. Ukipewa asilimia 30 au zaidi, unastaafu kwa sababu ya afya, ukiwa na malipo ya kila mwezi na bima ya matibabu kwako na familia yako. Ukiwa chini ya 30, na hujafikisha miaka 20 ya utumishi, unapewa fedha za mkupuo na kuagwa. PEB inahesabu tu yale yaliyokufanya usifae kwa kazi, wakati Idara ya Maveterani, VA, inahesabu kila kilichosababishwa na utumishi. Kwa hiyo siku ya kujaza fomu orodhesha vyote: mgongo, masikio, usingizi, msongo. Ukipinga matokeo ya MEB, unaweza kuomba daktari asiyehusika ayapitie upya na kuandika pingamizi, na ukikutwa hufai unaweza kudai kusikilizwa mbele ya PEB. Siku za kufanya hivyo ni chache, na wakili wa bodi ni bure. Mwone kabla bodi haijaanza.

Mfumo huu wenyewe ulizaliwa na aibu. Februari 2007 gazeti la Washington Post lilifichua jinsi askari majeruhi walivyokuwa wakiishi katika Jengo la 18 la hospitali ya Walter Reed, kwenye kuvu na panya, wakizungushwa kwa makaratasi. Waziri wa Jeshi, Francis Harvey, aliondoka. Novemba mwaka huohuo ulianza mfumo wa majaribio wa kuunganisha vipimo vya jeshi na vya VA, ambao ndio unaotumika leo.

Barabara ya kiutawala ni fupi na ya hatari. Mtu huachishwa kwa kushindwa mtihani wa mazoezi, kwa uzito, au kwa utovu wa nidhamu, na mara nyingine chanzo ni jeraha lenyewe. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya wanajeshi 91,764 walioachishwa kwa utovu wa nidhamu kuanzia 2011 hadi 2015, 57,141 walikuwa wamepimwa ndani ya miaka miwili ya mwisho na kukutwa na matatizo kama msongo wa baada ya kiwewe, jeraha la ubongo, au ulevi. Hiyo ni asilimia 62. Kanuni za Jeshi la Nchi Kavu zinasema kwa kawaida shauri la tiba hutangulia la kiutawala, isipokuwa kwenye utovu wa nidhamu, ambako kamanda wa ngazi ya juu ndiye huamua lipi lifuatwe. Na kamanda huyo anaweza tu kupima alicholetewa mezani. Ukipewa taarifa ya kuachishwa, usisaini kwamba umeacha haki zako kabla ya kumwona wakili wa utetezi, hata ukiahidiwa kwamba mambo yatakwisha haraka.

Kwa waliokwisha kutoka

Kuishtaki serikali mahakamani kwa jeraha la utumishini hakuwezekani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifunga njia hiyo mwaka 1950 katika kesi ya Feres. Tangu Desemba 2019 Bunge limeruhusu dai la uzembe wa madaktari wa jeshi kupelekwa kwa Idara ya Ulinzi yenyewe, ndani ya miaka miwili, si mahakamani.

Cheti cha kuachishwa kinaweza kupitiwa upya na bodi ya mapitio ndani ya miaka 15. Bodi ya kusahihisha rekodi za kijeshi ina kikomo cha miaka mitatu tangu kosa kugunduliwa, ingawa inaweza kukisamehe kwa sababu ya haki. Tangu maelekezo ya Septemba 2014 ya Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Chuck Hagel, bodi ya kusahihisha rekodi inatakiwa kumtazama kwa upole aliyekuwa na msongo wa baada ya kiwewe. Maombi hayalipiwi. Na mveterani aliyekwisha kurudi Nairobi, Mwanza au Bukavu hajapoteza haki ya kuomba, wala fidia ya ulemavu ya VA haikatizwi kwa sababu anaishi nje ya Marekani.