Sio leveli inayokukwamisha kwa Whitney: dhana potofu kuhusu jim za Pokémon

"Nimekwama jim ya tatu, nimerudi kwenye nyasi kupandisha leveli." Wanaoomba msaada wa gemu za Pokémon hunifikia na sentensi hii karibu kila wiki, na mara nyingi anayeisema ana timu nzuri tu. Amejiaminisha kwamba kiongozi wa jim, yaani mkufunzi anayekupa beji ukimshinda, ni ukuta, na kwamba ukuta huo hubomolewa kwa namba. Kati ya imani zote potofu kuhusu jim, hii ndiyo inayokula muda wa watu kuliko nyingine, kwa hiyo ndiyo nitakayokaa nayo. Nyingine nitazipitia haraka.

Dhana: ukishindwa na kiongozi, dawa ni kupanda leveli

Tupige hesabu kwanza, maana wengi hawaipigi. Katika kanuni inayotoa madhara ya pigo, leveli huingia hivi: zidisha leveli kwa mbili, gawanya kwa tano, ongeza mbili. Leveli 20 inatoa 10, leveli 25 inatoa 12. Attack nayo hukua: Pokémon mwenye Attack ya msingi 60 ana takriban 29 akiwa leveli 20, na 35 akifika 25. Ukizidisha yote mawili, leveli tano nzima zimekupa pigo lisilofika hata mara moja na nusu ya lile la mwanzo. Pigo la aina (Fire, Rock, Ground na kadhalika) ambayo mpinzani haiwezi huzidishwa mara mbili papo hapo. Likiwa pia la aina moja na anayelipiga, linazidishwa tena mara moja na nusu. Jumla ni mara tatu, na hujaua hata Pidgey mmoja.

Pidgey hao nao tuwahesabu. Katika gemu za Gold na Silver, Quilava (Pokémon wa Fire, aliyekua kutoka mmoja wa wale wa kuanzia) wa leveli 20 anahitaji pointi 6,275 za uzoefu ili afike 25. Pidgey wa porini wa leveli 13 anatoa 102. Hao ni Pidgey 62, mmoja baada ya mwingine, halafu unarudi Goldenrod, mji wa Whitney, kiongozi wa jim ya tatu, na Miltank wake anakupiga vilevile.

Anakupiga vilevile kwa sababu tatizo halikuwa leveli. Mwangalie Miltank huyo kwa karibu. Whitney anaanza na Clefairy wa leveli 18, kisha anamtoa Miltank wa leveli 20 mwenye mapigo manne: Rollout, Attract, Stomp na Milk Drink. Ana kasi ya msingi 100, hivyo katika hatua hiyo ya gemu karibu kila ulichonacho kinapigwa kabla hakijapiga. Attract hufanya kazi kwa jinsia tofauti tu, na Miltank wote ni majike. Pokémon wa kuanzia huwa dume mara saba kati ya nane. Quilava wako uliyemlea tangu New Bark, mji wa mwanzo, ni dume, basi kila zamu ana nusu ya uwezekano wa kukaa tu anamtazama. Stomp ina uwezekano wa asilimia 30 wa kumfanya ashtuke apoteze zamu. Ukifanikiwa kumjeruhi, Milk Drink inamrudishia nusu ya uhai wake.

Halafu kuna Rollout. Inaanza na nguvu 30, na kila inapogonga bila kukosa inaongezeka maradufu: 30, 60, 120, 240, 480. Earthquake ina nguvu 100. Maana yake, kufikia zamu ya tatu tayari unapigwa na kitu kizito kuliko Earthquake. Rollout ni ya aina ya Rock, aina inayomuumiza Quilava maradufu, na ndege wako yeyote vilevile. Kubadilisha Pokémon hakuikatizi. Anayeingia anapokea namba pale ilipofikia. Hapo leveli tano zitakusaidia nini?

Kinachosaidia ni haya. Kwanza, ingia na jike. Alama ya jinsia iko pale pale kwenye ukurasa wa Pokémon, na kuiangalia hakuchukui sekunde tano. Attract ikikosa kazi, Miltank amebaki na mapigo matatu.

Pili, Geodude jike. Anapatikana Dark Cave na Union Cave, njia ambazo umeshazipita. Yeye ni Rock na Ground, kwa hiyo Rollout na Stomp zote mbili zinampata kwa nusu. Mfikishe leveli 16 ili awe na Rock Throw na Magnitude, zote za aina zake mwenyewe. Hahitaji kufika 25.

Tatu, na huu ndio ushauri ninaoupenda kuliko wote: TM31, kifaa cha kumfundisha Pokémon pigo. Falkner alikupa baada ya jim ya kwanza, na watu wengi wanaiacha mkobani mpaka mwisho wa gemu kwa sababu nguvu yake ni 20 tu. Ni Mud-Slap. Kila inapogonga inashusha ulengaji wa mpinzani kwa ngazi moja, na Geodude anaweza kufundishwa. Rollout ina ulengaji wa 90. Baada ya Mud-Slap mbili inagonga mara 54 kati ya 100, na uwezekano wa kugonga mara tano mfululizo unashuka chini ya 5 kati ya 100. Ikikosa mara moja tu, inarudi 30. Mpige Mud-Slap mbili mapema, kabla Rollout haijakua, kisha ndipo uanze kazi ya kumuumiza.

Nne, kwa asiyetaka Geodude: kamata Drowzee Route 34, kusini mwa mji, umpeleke ghorofa ya tano ya duka kubwa la Goldenrod. Kuna mtu pale anayembadilisha kwa Machop anayeitwa Muscle. Kwenye Crystal anataka Abra badala ya Drowzee. Muscle ni jike, na kwa kuwa ametoka kwa mkufunzi mwingine anapata uzoefu mara moja na nusu. Mapigo yake ya Fighting yanamuumiza Miltank maradufu.

Wanaocheza HeartGold na SoulSilver, Gold na Silver zilizotengenezwa upya, wajihadhari na ushauri wa zamani wa kuingiza Gastly, ambaye ni mzimu. Katika Gold na Silver, Stomp haimgusi mzimu. Katika matoleo mapya Miltank ana Scrappy, inayofanya mapigo ya Normal yampate mzimu kama kawaida, na ameshika Lum Berry, hivyo ukimlaza usingizi mara ya kwanza anaamka hapo hapo.

Mfano wa pili, kwa wanaosema Whitney ni wa kipekee: Norman, kiongozi wa jim ya Petalburg kule Hoenn (eneo la gemu za Ruby na Sapphire), hakubali pambano mpaka uwe na beji nne. Slaking wake wa leveli 31 ana Attack ya msingi 160, namba inayowatisha watu wakakimbilia kwenye nyasi tena. Lakini Slaking ana Truant: anapiga zamu moja, anapumzika inayofuata. Tumia Protect, pigo la kujikinga, zamu anayopiga, piga wewe zamu anayolala. Dig nayo inafaa, kwa kuwa unakuwa chini ya ardhi wakati yeye anapiga, unaibuka wakati amepumzika. Ukikosea hesabu ya zamu, usiendelee kwa kubahatisha. Ingiza Pokémon unayeweza kumpoteza, upange upya.

Dhana: jim ni ya aina moja, kwa hiyo aina moja inaimaliza

Inamaliza sehemu ya timu, si yote. Viongozi wanabeba mapigo ya aina nyingine mahsusi kwa ajili ya yule unayemdhania kuwa dawa. Rollout ya Whitney ni Rock mikononi mwa kiongozi wa Normal. Iono wa Levincia, katika Scarlet na Violet, anafundisha somo hili vizuri zaidi. Watu wanaingia na Ground pekee, wanamaliza watatu wa kwanza kwa raha au kwa tabu kidogo, kisha anamtoa Mismagius wa leveli 24 na kumgeuza kuwa Electric kwa Tera. Electric haina udhaifu mwingine ila Ground, na Mismagius ana Levitate, uwezo wa kuelea, kwa hiyo Ground haimgusi kabisa. Umebaki bila chochote kinachozidishwa. Defense yake ya msingi lakini ni 60 tu, uhai 60 pia, ilhali Special Defense ni 105. Weka nafasi moja katika timu kwa mpigaji wa mwili kwa mwili mwenye pigo zito la aina yoyote isiyo Ground, umhifadhi mpaka huyo atoke.

Dhana: bila beji, Pokémon wako akizidi leveli fulani anakuasi

Hii imewafanya watu waache kupigana ili Pokémon wao wasikue. Inasikitisha, maana hakuna sababu. Katika gemu za mwanzo, tangu Red na Green za 1996, sheria inamhusu Pokémon uliyepewa na mkufunzi mwingine peke yake. Uliyemkamata mwenyewe anakutii hata akiwa leveli 100 na huna beji hata moja. Kule Kanto, eneo la gemu hizo za mwanzo, wa kubadilishana anatii mpaka leveli 30 ukiwa na beji ya Misty, 50 kwa ya Erika, 70 kwa ya Sabrina, na wote kwa ya Giovanni. Muscle niliyemtaja juu anatii mpaka 30 kwa beji ya Bugsy, ambayo kufika Goldenrod unayo.

Scarlet na Violet zilibadilisha sheria, na hapo ndipo mkanganyiko ulipozidi. Sasa hata wa kukamata mwenyewe anahusika, lakini kinachoangaliwa ni leveli aliyokuwa nayo ulipompata. Bila beji ni mpaka 20, na kila beji inaongeza tano: 25, 30, kuendelea hadi 55 kwa beji saba. Ya nane inafungua wote. Uliyemkamata akiwa leveli 18 akakua mpaka 60 ataendelea kukutii. Mlee bila hofu.

Dhana: Paldea jim zinajipima kwa leveli yako, nenda popote

Nenda popote Paldea, eneo la Scarlet na Violet, ndiyo. Kujipima, hapana. Namba zimefungwa tangu mwanzo, na kwa Pokémon wa juu wa kila kiongozi ni hizi: Katy 15, Brassius 17, Iono 24, Kofu 30, Larry 36, Ryme 42, Tulip 45, Grusha 48. Gemu haikuonyeshi orodha hii kwenye ramani, ndiyo maana mtu anafika Alfornada, kwa Tulip, akiwa na timu ya leveli 22 akidhani ana bahati mbaya. Fuata mpangilio huo, na ukizidiwa kidogo rudi kwenye mfano wa Whitney.

Dhana: ukichagua Charmander, Brock hashindiki

Kwa Red na Blue si kweli. Geodude wa Brock, kiongozi wa jim ya kwanza, wa leveli 12 na Onix wake wa leveli 14 hawana hata pigo moja la Rock. Onix ana Defense ya msingi 160, lakini Special yake ni 30. Acha kumkwaruza kwa Scratch. Charmander anapata Ember, pigo la moto, leveli ya 9, na hata ikikatwa nusu na aina ya Rock inamuumiza vizuri kuliko kucha. Onix akianza Bide, pigo la kuvumilia kisha kulipiza, usimpige mpaka aimalize, kwa sababu atakurudishia mara mbili ya ulichompa. Tumia Growl usubiri. Kwa FireRed na LeafGreen hali ni nyingine: Onix ana Rock Tomb, na Charmander anapata Metal Claw leveli ya 13. Kwa Yellow, ambako una Pikachu, umeme haumgusi mwenye Ground, haidhuru kwenye katuni ulimwona Onix amelowa maji. Kamata Mankey Route 22, anapata Low Kick leveli ya 9.

Dhana: beji ni mapambo

Kwenye gemu za kizazi cha kwanza hadi cha tatu, baadhi ya beji huongeza takwimu za timu yako. Ya Brock huongeza Attack kwa asilimia 12.5 katika Red na Blue. Zinafungua pia matumizi ya Cut, Surf na nyinginezo nje ya pambano. Nyongeza hiyo ya takwimu iliondolewa kuanzia kizazi cha nne.

Dhana: kiongozi wa jim ya kwanza ni dhaifu

Timu unayoiona ni ya mtihani, imepangwa kwa mgeni asiye na beji. Katy uliyemshinda na Teddiursa wa leveli 15 anarudi baada ya hadithi kuisha na timu ya leveli 65 na 66.

Dhana: nimemshinda Whitney, gemu imeharibika, sikupewa beji

Haijaharibika, na usizime bila kuhifadhi. Whitney huangua kilio akishindwa. Tembea kuelekea mlangoni, msichana mmoja wa jim atakufuata akuambie anavyolia kila akishindwa. Geuka, kaongee na Whitney tena, atakupa Plain Badge, na ukizungumza naye utapata na TM45, ile ile Attract iliyokutesa.