Mazungumzo Yasiyokatika Kati ya Simu na Kompyuta

Mtu anayeanza kuchati kwenye simu akiwa safarini, kisha akaendelea kwenye kompyuta ofisini, hutarajia kuyakuta mazungumzo yaleyale, kwa mpangilio uleule, bila ujumbe aliokwisha kuusoma kumjia tena kana kwamba ni mpya. Matarajio hayo ni ya haki kabisa, lakini sisi tunaotengeneza mifumo hii tunajua yanavyotutoa jasho.

Katika XMPP, itifaki (yaani kanuni ambazo programu hufuata) ya kutumiana ujumbe iliyotokana na mradi wa Jabber wa mwaka 1999, kila kifaa cha mtumiaji kina jina lake mwishoni mwa anwani. Zamani, mwenzako akishaanza kujibu ulichoandika kwenye kompyuta, majibu yake yaliendelea kwenda kwenye kompyuta hiyohiyo hata kama umeshaondoka na simu mkononi. Dawa iliyopatikana ni nyongeza mbili: moja huifanya seva ipeleke nakala kwenye vifaa vyako vyote vilivyo hewani, zikiwemo nakala za ujumbe ulioutuma wewe mwenyewe, na nyingine huhifadhi kumbukumbu, ili kifaa kilichokuwa kimezimwa kiombe tu yale yaliyoingia baada ya ujumbe wa mwisho kilio nao.

Usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, yaani kuufunga ujumbe ili usomeke tu kwenye vifaa vya wanaozungumza, uliifanya kazi kuwa ngumu zaidi, kwa sababu seva haiwezi kunakili kwa ajili ya kifaa kingine kitu ambacho ni kifaa kimoja tu chenye ufunguo wake. WhatsApp ya kwenye kompyuta, iliyoanza mwaka 2015, ilikuwa kioo cha simu: chaji ikiisha kwenye simu, kompyuta nayo inanyamaza. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilianza kujaribu muundo ambamo kila kifaa kina funguo zake. Ukiwa na simu na kompyuta, na rafiki yako vilevile, ujumbe mmoja unaouandika kwenye simu hutoka kama nakala tatu, kila moja ikiwa imesimbwa peke yake: mbili za vifaa vyake, na moja ya kompyuta yako.

Hata hivyo, kufikisha ujumbe ni nusu tu ya kazi. Kompyuta iliyofunikwa usiku kucha, ikiamka asubuhi na kuanza kulia kwa ujumbe uliokwisha kujibiwa kwenye simu, humchosha mtumiaji hadi akazima arifa zote, na hapo ndipo ujumbe wa dharura unapompita. Kwa hiyo mimi hupendelea kutunza alama moja tu ya mahali msomaji alipofika katika kila mazungumzo, isiyorudi nyuma kamwe. Vifaa viwili vikitofautiana, iliyokwenda mbele zaidi ndiyo inayofuatwa. Rasimu hazina kanuni rahisi kama hiyo, kwa kuwa maneno yaliyoachwa nusu kwenye simu na yaliyoachwa nusu kwenye kompyuta yote ni ya mwandishi, na mfumo hauna haki ya kumfutia hata mojawapo bila kumwuliza.