Bei ya dukani na bei ya mtandaoni: tunayoamini Dodoma na hesabu yenyewe

Kwenye fremu za vifaa vya umeme za katikati ya mji wa Dodoma, wateja wengi siku hizi huingia na simu mkononi, ukurasa wa Instagram umeshafunguliwa. "Kaka, mbona huku blenda hii hii elfu themanini na tano, wewe unasema laki?" Muuzaji mzoefu habishani na picha. Anaitazama, anarudisha simu. "Hiyo bei ya Kariakoo, dada. Weka ya basi, weka ya boda, kisha tuongee." Anatetea riziki yake, ndiyo, lakini hesabu anayoitaja ndiyo wengi wetu tunairuka.

"Mtandaoni hakuna kodi ya fremu, kwa hiyo lazima kuwe rahisi."

Kwa baadhi yao ni kweli hakuna. Ila kurasa nyingi zinazotuuzia vitu ni za maduka yenye fremu Kariakoo, au za mtu wa kati asiye na stoo kabisa: oda ikiingia ndipo anakwenda dukani, anachukua mzigo na kuweka cha kwake juu. Anayelipia tangazo ili posti yake ikufikie huyo naye ana gharama, na ya kufungasha pia ipo, na mzigo unaorudishwa nao ni hasara ya mtu. Kuuza bila kaunta si bure. Jumia, duka la mtandaoni lililokuja na jina kubwa na mtaji wa kutosha, lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019.

Turudi kwenye blenda. Tuseme ni 85,000 na muuzaji anakuambia utume na ya kutolea, labda 2,500. Parseli ya basi, tuseme 5,000. Mzigo unashukia stendi ya Nanenane na wewe unakaa Nkuhungu, upande mwingine wa mji, boda 5,000. Umefika 97,500. Yule wa dukani alianza na laki, lakini hiyo ilikuwa bei ya kuanzia maongezi. Akishuka mpaka 92,000 na kuichomeka kwenye umeme mbele yako, amekushinda kwa bei na kwa uhakika.

Usiichukue hesabu hii ukaifanya sheria ya kila kitu. Kwa simu hugeuka. Simu ni ndogo kuliko blenda, hivyo kuisafirisha hakuongezi sana, ila tofauti ya bei kati ya Kariakoo na hapa inaweza kuwa makumi ya maelfu. Friji ni kinyume chake: uzito unakula nafuu yote, na likifika limebonyea mlango utaanza kupigizana simu na watu watatu, kila mmoja akimtaja mwenzake.

"Sasa kuna SGR, bei za Dodoma hazina sababu ya kuwa juu."

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria mpaka Dodoma Julai 2024, na imerahisisha kweli kwenda Kariakoo na kurudi. Lakini nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa safari hiyo ilikuwa 31,000, yaani 62,000 kwenda na kurudi, kabla hujala wala kupanda daladala. Kwa kitu kimoja haina maana. Kwa kikoba cha akina mama wanane wanaomtuma mmoja wao na orodha, inalipa, hasa akinunua kwa bei ya jumla.

"Duka moja, jina moja: bei ya tovuti na ya tawini lazima zilingane."

Hapa ndipo watu hukasirika zaidi, na ndipo wana haki kidogo kuliko wanavyodhani. Duka haliwajibiki kuuza kwa bei moja kila mahali. Uingereza, ambako maduka makubwa ya mitaani yana matawi na tovuti kwa pamoja, wanunuzi wamelalamikia jambo hili miaka mingi. John Lewis, mojawapo ya maduka hayo, ilikuwa na ahadi maarufu tangu 1925 kwamba haitakubali mshindani auze kwa bei ya chini kuliko yake, lakini ahadi hiyo haikuwahusu washindani wanaouza mtandaoni tu. Ikafutwa 2022. Iliporudi Septemba 2024 ilikuja na orodha ya wauzaji 25, Amazon ikiwemo. Yaani hata mwenye ahadi huchagua ni nani wa kulinganishwa naye.

Ndugu yake dhana hiyo ni ile ya "bei imeandikwa, lazima uniuzie". Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi iliyohusu duka la Boots, ilisema bidhaa iliyopangwa kwenye rafu ni mwaliko tu. Mnunuzi ndiye anayetoa ofa anapofika kaunta, na muuzaji akikubali ndipo kuna mkataba. Sheria yetu ya mikataba nayo imejengwa juu ya ofa na kukubaliwa. Kwa hiyo bango la zamani lililosahaulika dirishani halikupi haki ya kubeba pasi kwa bei ya mwaka jana.

Kisichoruhusiwa ni udanganyifu. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, awe amesimama dukani au yuko mtandaoni. Ile "punguzo la asilimia 50" ambayo bei yake ya zamani haijawahi kutozwa kwa mtu yeyote, hiyo si ujanja wa biashara. Lalamiko lake lipo, na linapelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

"Bei njoo DM" maana yake kuna bei nzuri ya siri.

Mara nyingi maana yake ni kwamba muuzaji anataka kukuona kwanza. Anaangalia picha zako, unaishi wapi, unaandika kwa haraka kiasi gani, halafu anataja. Mwambie rafiki yako aulize kwa akaunti nyingine, mlinganishe majibu. Na si mtandaoni pekee. Ukitoka Mji wa Serikali Mtumba ukaingia dukani na kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, usishangae maongezi yakianzia juu. Kivue, kitie mfukoni.

"Bila risiti ni nafuu zaidi."

Kiwango cha kawaida cha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, Tanzania Bara ni asilimia 18, na ndicho kinachofanya "bei ya risiti" na "bei bila risiti" zitajwe bila aibu, dukani na kwenye DM vilevile. Ila sheria inamtaka mnunuzi adai risiti kama inavyomtaka muuzaji aitoe, na muuzaji aliyesajiliwa hapaswi kukutajia bei kisha akaongeza kodi juu yake kama adhabu ya kudai risiti. Bila karatasi hiyo, siku blenda ikiungua, waranti ni neno la mdomo tu.

Kwa simu nafuu ya mtandaoni, bei inaweza kuwa ndogo kwa sababu mbaya kabisa. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia nchi nzima, na waliokuwa wamezinunua walibaki nazo mkononi, hazishiki mtandao. Kabla hujatuma hela mwombe muuzaji namba ya IMEI, ile inayotokea ukibonyeza *#06#, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 usome jina na aina ya simu inayorudi. Ikija tofauti na iliyo kwenye picha, usiendelee kuulizia bei. Na mzigo ukifika, piga tena *#06# kabla hujaachana na boda, uone kama namba ni ile ile uliyotumiwa.