Harufu ya "dawa nyingi" kwenye maji ya Dodoma

Mama mmoja wa Nkuhungu alinipigia simu Jumapili mchana, tonge la ugali na mlenda likiwa njiani kuelekea mdomoni. "Mwanangu, leo wametutilia dawa mpaka chai hainyweki." Nikamaliza kula (mlenda ukipoa haufai), nikachukua kisanduku changu cha kupimia klorini, nikaenda.

Baada ya shikamoo nikaonjeshwa chai. Kweli haikunyweka. Lakini haikuwa ladha ya klorini, ilikuwa ladha ya chumba cha kufungia vidonda. Nikatoka hadi bomba la uani, nikakinga maji kwenye kichupa, nikatia kidonge cha DPD. Kidonge hicho hugeuza maji yenye klorini kuwa ya pinki, na pinki ikikolea ujue klorini ni nyingi. Yale yalipata pinki ya kuchungulia tu: miligramu 0.3 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka angalau 0.2 ibaki hadi bombani kwa mtumiaji, na ukomo wake wa juu ni 5. Nikamwambia, "Mama, dawa ni kidogo mno kuleta balaa hili." Akaniangalia kama mtu aliyetumwa kutetea wakubwa.

Mchawi alikuwa amelala juani: mpira wa kijani wa kumwagilia bustani, uliokuwa ukipeleka maji kutoka bombani hadi kwenye simtanki. Mipira mingi ya namna hiyo haikutengenezwa kwa maji ya kunywa, na huachia kemikali za jamii ya fenoli, hasa maji yakilala ndani yake na jua la Dodoma likaupika. Klorini ikikutana na fenoli huzaliwa klorofenoli, na ulimi wa binadamu huzinasa klorofenoli hata zikiwa sehemu chache tu katika bilioni. Kwa hiyo klorini ileile ambayo peke yake usingeihisi, ikipita kwenye mpira mbaya, inaharibu birika zima. Hata kuchemsha hakukumsaidia yule mama.

Katika miaka yangu ya maabara, malalamiko mengi ya "dawa nyingi" huishia hivyo: si wingi wa klorini, ni kitu ambacho klorini imekutana nacho. Mfano mwingine ni ile harufu kali inayochoma pua kama ya bwawa la kuogelea. Watu huapa kwamba ni klorini tupu. Mara nyingi ni kloramini, yaani klorini iliyofungamana na amonia, na amonia hutokana na mkojo, kinyesi na vitu vinavyooza. Nimewahi kufunua simtanki lenye mfuniko uliopasuka nikakuta mjusi aliyekwisha siku zake na kinyesi cha ndege. Pale bombani maji hayakunuka kitu, lakini kwenye tangi yalinuka "dawa". Kisanduku changu kina vidonge vya aina mbili kwa ajili hiyo: namba 1 hupima klorini huru, ile inayoua vijidudu, na namba 3 ikiongezwa huonyesha pamoja na iliyofungamana. Pengo kati ya majibu hayo mawili likiwa kubwa, usiende kulalamika kwa mtu, panda juu ya tangi. Na hapa kuna jambo linalowashangaza hata mafundi wapya: maji yenye amonia yakitiwa klorini kidogo hunuka, yakiongezewa hadi kufikia takriban mara kumi ya uzito wa amonia, harufu hupungua.

Mgao nao una yake. Bomba likikaa tupu, presha inashuka na uchafu wa ardhini unaweza kunyonywa kupitia nyufa. Maji yakirudi, yale ya kwanza yaache yakimbie hadi yawe maangavu, umwagilie miche. Usiyaingize kwenye tangi.

Halafu kuna chumvi, ambayo haihusiani kabisa na dawa ingawa majina yanapotosha. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu kwa miongo mingi imetoka visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Maji ya chini ya ardhi huku yamekaa na miamba, yamebeba kalsiamu, magnesiamu na kloridi. Kloridi si klorini. Kloridi ni nusu ya chumvi ya mezani, haina harufu, na ladha yake huanza kusikika inapokaribia miligramu 250 kwa lita. Ukichemsha haitoki, tena inakolea kidogo maana maji yamepungua. Ule ukoko mweupe kwenye sufuria, na sabuni inayogoma kutoa povu, ni kalsiamu na magnesiamu. Klorini haina kesi hapo.

Kama kweli ni klorini inayokukera, tiba yake ni rahisi: jaza mtungi, funika kwa kitambaa safi, yaache yalale hadi asubuhi, au yachemshe. Ila ukishaiondoa umemwachisha kazi mlinzi, kwa hiyo usichote kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono wa nyumbani. Tumia kata yenye mpini mrefu au chombo chenye koki.

Tangi nalo lioshwe. Mwaga maji, sugua, jaza tena. Kwa tangi la lita 1,000 tia lita moja na nusu ya jiki isiyo na manukato yenye klorini asilimia 3.5, iache usiku kucha, kisha mwaga yote na suuza kabla ya kujaza ya kunywa. Usiichanganye na sabuni ya chooni wala siki, inatoa gesi ya sumu.

Yule mama alinunua bomba la plastiki la maji ya kunywa wiki ileile. Mpira wa kijani hakuutupa, unamwagilia mchicha, na safari hii chai nilikunywa vikombe viwili.