Mafuta ya karafuu: si kila chupa ina kitu kilekile

Mkarafuu hutoa mafuta ya aina tatu: ya karafuu yenyewe, ya makonyo (vikonyo vinavyoshikilia karafuu) na ya majani. Madukani yote huuzwa kwa jina moja, na hapo ndipo mnunuzi hupunjika.

Kilo moja ya karafuu kavu hutoa takriban gramu 150 hadi 200 za mafuta, kiasi ambacho mimea michache sana hufikia. Makonyo yanayobaki baada ya kuchambua hutoa kama theluthi ya hayo, na majani hutoa kidogo zaidi. Kule Wawi, Pemba, kipo kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo. Mvuke wa maji hupitishwa kwenye makonyo, ukabeba mafuta, kisha ukapozwa. Mafuta huzama chini, kwani ni mazito kuliko maji. Ukikoroga matone machache kwenye glasi ya maji yakaendelea kuelea, shuku kwamba yamechanganywa na mafuta mepesi kama ya nazi. Yakizama, bado hujajua yametoka sehemu gani ya mti. Jibu hilo hutolewa na maabara.

Kemikali kuu katika yote matatu ni eujenoli, ambayo mara nyingi hufikia asilimia 70 hadi 90. Tofauti iko kwenye kinachobaki. Mafuta ya karafuu yenyewe yana pia eujenili asetati, kemikali nyingine inayoyapa harufu laini. Kwenye makonyo na majani ni kidogo mno, ndiyo maana harufu yake ni kali na bei yake ni ya chini.

Eujenoli ndiyo inayotia ganzi jino linalouma. Madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza kijazio cha muda. Ila ganzi haiponyi jino lililooza, na mafuta yasiyozimuliwa huunguza fizi.

Ninalowasihi wazazi ni hili: msimnyweshe mtoto mafuta haya, hata kama yameandikwa “asilia”. Wapo watoto waliomeza mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, wakapata degedege, wakapoteza fahamu na ini likaharibika. Mtoto akiyameza, usimtapishe. Mkimbize hospitali, na chupa uende nayo.