Je, wajua kwa nini ziwa lililofunikwa nusu limebakiza hatua moja tu kujaa?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, ukisimama ufukweni Kisumu ulikuwa unaona uwanda wa kijani mahali penye maji. Gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini wenye maua ya zambarau, lilikuwa limetanda Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Mitumbwi ilishindwa kutoka, nyavu zikanasa, maji ya kunywa yakachafuka. Mwaka 1998 lilifunika takriban hekta 17,000 upande wa Kenya. Na ziwani lilikuwa limeonekana kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1980 tu. Ilikuwaje kitu kilichoonekana kidogo kwa miaka kadhaa kikageuka balaa kwa muda mfupi hivyo?

Gugu maji halisubiri mbegu. Mmea mama hutoa kikonyo kinachotambaa juu ya maji, nchani kwake huchipua mmea mchanga, na huo nao baada ya siku chache hutoa vikonyo vyake. Palipo na chakula kingi, yaani mbolea inayosombwa kutoka mashambani na maji taka ya mijini, eneo lililofunikwa linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki 2 au hata chini ya hapo.

Tupige hesabu. Ghuba ya Winam ina ukubwa wa kiasi cha kilomita za mraba 1,400. Chukua kipande cha gugu cha mita 1 ya mraba, na ukiache kiongezeke maradufu kila wiki 2 bila kizuizi. Wiki ya 40 kitakuwa kimefika takriban kilomita 1 ya mraba. Yaani miezi tisa imepita na hata sehemu moja kwa elfu ya ghuba haijafunikwa. Mvuvi anaweza kupiga kasia asubuhi nzima asikutane nalo. Wiki ya 52 ni kilomita 67, kama asilimia 5. Wiki ya 58 ni 537, na hapo zaidi ya nusu ya maji bado iko wazi. Wiki ya 60 ni 1,073. Wiki ya 62 hakuna maji yanayoonekana.

Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba, na ni kweli pale kila haba inapolingana na iliyotangulia. Hapa kila haba ni kubwa kuliko haba zote zilizotangulia zikijumlishwa pamoja. Ndiyo maana onyo huchelewa: kwa sehemu kubwa ya safari hakuna cha kuogopa, na kikionekana cha kuogopa muda umekwisha.

Sasa ongeza swali moja. Tuseme ghuba inapojaa, tunapata ghuba nyingine mpya yenye ukubwa uleule. Imetuongezea muda gani? Wiki 2. Ghuba nne badala ya moja? Wiki 4. Mali ikiongezwa maradufu hununua hatua moja tu ya ukuaji wa namna hii. Mimi naona hili ndilo jambo ambalo kila mpangaji wa bajeti angepaswa kulibandika ukutani.

Kwa watu hatua ni ndefu zaidi, lakini hesabu ni ileile. Kuna kanuni rahisi: gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la mwaka, utapata takriban miaka ya kuongezeka maradufu. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilitoa ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Asilimia 3.2 inasikika kama kitu kidogo, kama riba ya mkopo nafuu. Gawanya 70 kwa 3.2: miaka 22.

Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3. Ya 2012, milioni 44.9. Ya 2022, milioni 61.7. Kati ya hizo mbili za mwisho waliongezeka watu milioni 16.8, ambao ni wengi kuliko Watanzania wote waliohesabiwa mwaka 1967. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja: walipoishi watu 14 kwa kilomita ya mraba, sasa wanaishi kama 70, na huo ni wastani wa nchi yenye mbuga na misitu mikubwa. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako kihamba cha migomba na kahawa hurithiwa ndani ya ukoo, vihamba vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi vijana wengi wameshuka tambarare au kwenda mjini kutafuta maisha.

Kasi hiyo ikiendelea, ifikapo 2044 nchi itahitaji madarasa maradufu, vitanda vya wazazi maradufu, maji ya bomba maradufu na magunia ya mahindi maradufu. Hayo yote ni ili kila mtu abaki na kile alichokuwa nacho 2022, bila nafuu yoyote. Mbegu bora na mbolea vinaweza kweli kuongeza mavuno ya mahindi maradufu katika mashamba mengi, na ni vema vifanye hivyo. Lakini ni ghuba ya pili.

Chanzo cha kasi hii ni habari njema. Chanjo, maji safi na dawa vilipunguza vifo vya watoto, huku familia zikiendelea kuzaa kama zamani, wakati mzazi alipojua kwamba baadhi ya watoto wake hawatafika utu uzima. Vifo vilishuka kwanza. Uzazi hushuka baadaye. Katika pengo hilo ndimo watu huongezeka.

Gugu maji lilizuiwa na nguvu za nje yake. Kuanzia mwaka 1995 nchini Uganda, kisha Kenya na Tanzania, waliachiliwa fukusi wadogo wanaokula mmea huo peke yake, na mawimbi na hali ya hewa ya El Niño vikasaidia kuumaliza. Hata hivyo hurudi mvua kubwa zinapoingiza virutubisho ziwani. Binadamu hahitaji fukusi, kwa sababu anaweza kubadili uamuzi wake mwenyewe. Kenya ni ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8, na ongezeko la mwaka lilikuwa asilimia 3.8, mojawapo ya kasi kubwa kabisa duniani. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 3.4. Wasichana walikaa shuleni miaka mingi zaidi, huduma za uzazi wa mpango zikafika vijijini, watoto wengi zaidi wakaishi. Ongezeko lilishuka hadi asilimia 2.2, na muda wa kuongezeka maradufu ukatoka miaka 18 hadi karibu 32. Tanzania nayo imeshuka, kutoka zaidi ya watoto 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 4.8 mwaka 2022.

Hata hivyo Kenya ilihesabu watu milioni 47.6 mwaka 2019, kutoka 38.6 mwaka 2009. Familia zimepungua ukubwa, lakini wanaoanza familia ni wengi, kwa sababu walizaliwa wakati uzazi ulipokuwa juu. Tanzania hivi sasa zaidi ya asilimia 40 ya watu wako chini ya umri wa miaka 15. Wengi wa watakaokuwa wazazi mwaka 2044 wameshazaliwa, na wengine wako darasa la kwanza. Idadi yao haibadiliki tena. Kilichobaki wazi ni kama wasichana miongoni mwao watamaliza sekondari, na kama zahanati iliyo karibu nao itakuwa na huduma watakayoihitaji.