Je, wajua kwa nini kopo la vizibo hutangulia herufi?

Ukichungulia dirisha la kitengo cha elimu maalumu unaweza kumwona mtoto wa miaka tisa, mwenye mtindio wa ubongo na ulemavu mkubwa wa akili, amelazwa ubavu kwenye mkeka. Mbele yake linaning'inia kopo la maziwa lenye vizibo vya soda ndani, na mwalimu amekaa kando kimya. Wengi hudhani mtoto anapotezewa muda. Kumbe somo linaendelea, nalo ni gumu kuliko a, e, i, o, u: mtoto anatafuta kugundua kwamba akifanya hivi, kile kinatokea.

Ugunduzi huo ndio msingi wa fikra. Asiyejua kwamba tendo lake hubadilisha kitu hana sababu ya kuomba maji, kuchagua wala kukumbuka. Watoto wengine hulipata jambo hili mapema mno. Mwaka 1969 mwanasaikolojia wa Marekani, Carolyn Rovee-Collier, alichapisha jaribio la watoto wachanga waliofungwa utepe mguuni, ncha ya pili ikiwa kwenye vidoli vilivyoning'inia juu ya kitanda. Wakiwa na miezi miwili hadi mitatu tu, baada ya dakika chache walikuwa wakirusha mguu makusudi ili vidoli vicheze.

Mbona basi wa miaka tisa hajafika hapo? Mara nyingi si kwa sababu ya ubongo peke yake. Mwili wake ni mzito kutii, na kila kitu hufanyiwa: hulishwa, hugeuzwa, hufutwa. Kabla mkono wake haujanyanyuka, mtu mzima ameshamaliza kazi. Miaka yote hiyo amejifunza somo la kinyume, kwamba afanye asifanye, mambo huenda.

Jaribio la utepe laweza kufanyika darasani kwa kopo. Anza na mkao. Kichwa kiwe na mto, mgongo uegemezwe kwa blanketi lililokunjwa, nyayo ziguse kitu kigumu. Mtoto anayehisi ataanguka hutumia akili yake yote asianguke. Kisha tafuta kiungo ambacho tayari anakitikisa mwenyewe. Tundika kopo anapoweza kuliona au kulisikia, lakini usilifunge kwake, uhesabu mitikisiko ya kiungo hicho kwa dakika 3. Sasa funga kipande laini cha kanga kwenye kifundo, kilegee kidole kipite, kiunganishe na kopo, uache kwa dakika 5 hadi 10. Mwisho kifungue, uhesabu tena dakika 3. Rovee-Collier na wenzake walihesabu kwamba mtoto amejifunza kama mitikisiko kwa dakika imefika mara 1.5 ya ile ya mwanzo: kutoka 4 hadi 6, kwa mfano.

Lakini usishangilie bado. Huenda kelele imemsisimua tu. Siku nyingine tikisa kopo wewe, bila kujali anachofanya. Akitikisika vilevile, huo ni msisimko. Ushahidi mzuri zaidi huja pale unapofungua kitambaa: akivuta mkono kwa nguvu zaidi, akikunja uso, au akiligeukia kopo lililonyamaza, alikuwa akilitarajia. Wengine huchukua wiki nyingi kufika hapo.

Kosa kubwa la watu wazima ni kushika mkono wa mtoto na kuutikisa "ili aelewe". Anachoelewa ni kwamba mkono wake hushikwa. La pili ni sifa: "Hongera, mwanangu!" ikipigwa kwa sauti kuu hulifunika kopo, na mtoto hajui kipi kimeletwa na mkono wake. Mlio nao usichelewe. Ukija baada ya sekunde kadhaa, uzi umekatika. Kama mtoto anatumia dawa za kifafa, zingatia kwamba baadhi huleta usingizi, kwa hiyo panga somo saa ambayo dawa haijamlemea. Kopo lizibwe kwa gundi, na mtoto asiachwe peke yake na kamba hata dakika moja.

Akishalipata hilo, kanga ile ile huingia kazi nyingine. Funika nusu ya kitu akipendacho, ungoje huku ukihesabu moyoni hadi 15. Akikifuata, siku nyingine funika chote. Watoto wengi hutafuta kilichofichwa kabisa wakiwa na miezi minane hivi, ila kwa huyu umri si kipimo. Asiyeona usimpigie kengele mbali ukadhani ataifuata: hata watoto wasioona wasio na ulemavu mwingine huchelewa kunyoosha mkono kwenye sauti tupu. Kitu chenyewe kianzie kiganjani mwake, kisha kiteleze sentimita chache.

Kuchagua hufuata, na hapa wengi huanza vibaya kwa kuweka uji na ndizi, vyote akivipenda. Akigusa chochote utajuaje amechagua? Weka anachokipenda na kitu kisicho na maana kwake, kwa mfano soksi. Badilisha pande kila mara, kwa kuwa mtoto mwenye upande mmoja mzito anaweza kugusa upande ule ule siku zote. Akigusa soksi, mpe soksi, ungoje, kisha weka vyote tena. Ukimpa uji kwa huruma, umefuta swali.

Daftarini usiandike "alifurahi". Andika "alinyamaza sekunde 4, akageuza kichwa kushoto, akanyanyua kidole gumba". Mwalimu mwenzako wa kesho atajua atazame wapi.